Tezi Iliyooza na Pampu ya Fundi wa Friji

Kusi likishakolea, kati ya Juni na Agosti, bahari ya Kismayu humkatalia mwenye chombo kidogo. Mawimbi yaliyosafiri kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi bila kukutana na kizuizi huvunjikia kwenye miamba ya matumbawe, na boti hupandishwa mchangani kusubiri tanga mbili. Ndio msimu wa kukagua. Nahodha anayejua mali yake huanzia nyuma. Huchukua sarafu au kinyundo akagonga ukuta wa tezi pale mashine inapofungwa, kona hadi kona, huku ametega sikio. Palipo pazima hujibu kwa mlio mkavu wa juu. Palipooza mlio huzama. Kisha huinyanyua mashine mguu juu na kuuegemea kwa uzito wake wote. Tezi ikicheza hata kidogo tu, msimu ujao hauna uhakika.

Katika boti ya faiba yenye mashine ya nje, tezi ndiyo hufa kwanza. Omo hupigwa na mawimbi miaka na miaka, mkuku hukwaruzwa na mchanga kila jioni, navyo hudumu. Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao iliyofichwa ndani yake.

Ukikata tezi ya boti ya kawaida ya mita 6 au 7, hizi ambazo Wasomali huziita laash ili kuzitofautisha na zile kubwa zaidi za injini ya ndani wanazoziita Volvo, utakuta plaiwudi ya unene wa milimita 36 hadi 50, imevikwa faiba pande zote mbili. Mtengenezaji aliiweka ili ukuta uwe mgumu bila kuwa mzito, na ili bolti za mashine zipate kitu cha kubana. Mashine ya nguvu farasi 40, kama Yamaha Enduro inayojulikana na wavuvi wa pwani nzima hii, ina uzito wa takriban kilo 70. Uzito huo si neno. Kazi huanza mashine inapowashwa. Propela husukuma boti kutoka chini kabisa, zaidi ya nusu mita chini ya mahali mabano yaliposhika tezi. Kwa hiyo ncha ya chini ya bano hukandamiza faiba na ncha ya juu huivuta kuelekea nyuma. Bolti mbili za juu ndizo zinazobeba mvutano huo, na kila boti inaporuka wimbi na kutua, hulegea na kukaza, hulegea na kukaza. Tundu hupanuka kiasi cha unywele. Maji ya chumvi hayahitaji zaidi ya hapo.

Njia nyingine ya maji ni tundu la nguruzi. Kiwandani hutobolewa moja kwa moja kupita faiba na plaiwudi, ikapachikwa bomba fupi la shaba au plastiki, na kingo za mbao zikaachwa uchi nyuma yake. Halafu kuna vitundu vya parafujo ambavyo kila mwenye boti huviongeza kwa furaha yake mwenyewe: kishikio cha mpira wa petroli, kifaa cha kupima kina, ndoano ya kuning'iniza kitu fulani. Kila parafujo iliyofungwa bila gundi ni mlango. Maji yakiingia hayatoki, kwa kuwa faiba iliyoyazuia yasiingie sasa inayazuia yasitoke. Plaiwudi hubaki mbichi mwaka mzima, ukungu ukaila, na matabaka yake yakaachana.

Ajabu yake ni kwamba haya yanatokea kwa watu ambao ufundi wa vyombo umo damuni. Visiwa vya Bajuni, kuanzia karibu na Kismayu kupitia Koyama, Ngumi, Chovai na Chula hadi kukaribia Ras Kiamboni kwenye mpaka wa Kenya, ni mnyororo wa zaidi ya kilomita 150 ambao maisha yake yote yalipita juu ya chombo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipoikagua pwani hiyo mwaka 1968 alikuta magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo, alama za miji iliyoishi kwa bahari. Kabla yake, Mwitaliano Vinigi Grottanelli alikuwa amechapisha mjini Roma, mwaka 1955, kitabu kizima juu ya wavuvi hawa wa eneo ambalo Waingereza waliikabidhi Italia mwaka 1925. Na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari na kuvushwa kwa tanga la ukili, kilikuwa cha pwani hii na ya Lamu hadi kilipotoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Anayetaka kujua ulivyokuwa inabidi aulizie mfano uliojengwa Zanzibar mwaka 2003.

Mtepe ulikuwa na jambo moja ambalo boti ya faiba haina: ukarabati ulikuwa sehemu ya muundo wake. Kamba huchakaa, kila mtu alijua, kwa hiyo mishono ilifumuliwa na kushonwa upya. Mbao iliyoharibika ilitolewa, ikawekwa nyingine. Nyuma yake ilichongoka, haikuwa na tezi bapa. Tezi bapa ya mashua na jahazi, wanahistoria wengi wa vyombo wanaihusisha na merikebu za Wazungu zilizoanza kuja na Wareno. Mafundi wa pwani waliichukua, wakaifanya yao, na wakajua kuitunza kwa kalafati na deheni na mafuta ya papa. Mbao ya mashua ikioza inaonekana. Fundi anaichoma kisu, kisu kikizama anajua.

Faiba ilikuja kwa njia nyingine. Baada ya ukame mkubwa wa 1974 na 1975, serikali ya Siad Barre ilihamishia maelfu ya wafugaji kwenye vijiji vya uvuvi vya Brava, Adale na Eyl, na vyombo vya mashine vikaletwa ili kuwafanya wafugaji wavuvi. Vingi viliishia kukaa ufukweni kwa kukosa vipuri. Dola ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, Lamu na Mombasa hasa. Vyombo vyao viliporwa. Tsunami ya 26 Desemba 2004, iliyoipiga vibaya Hafun kaskazini, ilileta wimbi la misaada ya boti katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi, nyingine nzuri na nyingine zimetengenezwa haraka haraka, hata Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likalazimika kuchapisha vitabu vya mafunzo ya kujenga na kukarabati boti za faiba. Tanzania Bara na Zanzibar nazo zimekuwa zikiwakopesha wavuvi boti hizi katika mipango ya uchumi wa buluu. Boti imesambaa. Ujuzi wa kuifungua na kuifunga tena umesambaa polepole mno.

Matokeo yake yanaonekana ufukweni popote pale kutoka Kismayu hadi Kizingitini. Tezi iliyolegea hufungwa kipande cha mbao nje, kingine ndani, bolti ndefu zikapita katikati, zikakazwa mpaka faiba ilie. Kwa wiki chache boti huenda. Kisha mbao mpya inashika unyevu kutoka kwa ile ya zamani, na mwenye boti sasa ana mbao mbili zilizooza.

Kazi ya kweli huanza kwa kukata. Fundi hukata ganda la ndani la tezi kwa grenda akiacha mdomo wa sentimita tano hivi pande zote, na kuliacha ganda la nje likiwa zima. Hilo la nje ndilo litakalokuwa kalibu yake. Lina umbo sahihi, lina rangi yake, na ukilivunja umejitafutia wiki mbili za kazi ya ziada. Plaiwudi iliyooza hutoka kwa mkono, nyeusi na yenye harufu. Iliyobaki nzima, kwa bahati mbaya, haitoki hivyo: hutolewa kwa patasi, kipande kwa kipande, na mwisho kwa grenda mpaka faiba safi ionekane. Kingo zinazopokea faiba mpya huchongwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene wake. Faiba ya milimita 6 inataka mteremko wa sentimita 7 na zaidi. Hapo ndipo wengi hudanganya, maana vumbi la faiba linawasha shingoni na viganjani, na barakoa ya kitambaa haitoshi. Mteremko mfupi hushika siku ya kwanza na kuachia siku ya wimbi kubwa.

Baada ya vumbi ni maji, na haya ni maji baridi ya kunywa. Chumvi iliyobaki kwenye faiba hunyonya unyevu hewani, na gundi haishiki juu ya unyevu. Kwenye visiwa, ambako visima vingi ni vya maji ya magadi na watu hutegemea mvua iliyokusanywa kwenye jabia, kumwaga ndoo kadhaa za maji matamu juu ya boti si jambo dogo. Lakini halina mbadala.

Kisha kukausha, na hapa msimu unamcheza fundi shere. Boti ziko juu wakati wa kusi kwa sababu bahari imefungwa. Na kusi ndilo linaloleta mvua kusini mwa Somalia, kubwa kuanzia Aprili na manyunyu yanayoendelea pwani hadi Julai na Agosti. Yaani nafasi ya kukarabati huja pamoja na unyevu. Ndiyo sababu kazi hii inataka kibanda, hata cha makuti na turubai, na subira. Kipimo rahisi ni kubandika kipande cha plastiki angavu juu ya mbao au faiba kwa tepu, kukiacha juani, na kutazama jioni kama kimetoka jasho kwa ndani. Kikitoka jasho, hakuna gundi siku hiyo wala kesho yake. Plaiwudi mpya nayo inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 12 hivi.

Plaiwudi yenyewe ni balaa lingine. Ile ya baharini hutengenezwa kwa kiwango cha Kiingereza cha BS 1088, na muhuri huo ni rahisi sana kugongwa juu ya mbao isiyostahili. Fundi mwenye akili haamini muhuri, anakata kipande cha ubao na kukichemsha kwa saa kadhaa. Kikiachana matabaka ndani ya sufuria, kitaachana ndani ya tezi. Ni afadhali pia kununua mbao mbili za milimita 18 kuliko moja ya 36: nyembamba hukubali kufuata mpindo wa tezi, na gundi ya katikati huongeza ugumu.

Kabla ya kukata, kuna kipimo ambacho fundi hapaswi kukisahau. Mashine ya mguu mfupi inataka tezi ya inchi 15, ya mguu mrefu inchi 20. Mwenye boti akibadilisha mashine bila kubadilisha tezi, huongeza gogo juu au hukata pengo kwenye ukingo, na propela huishia ama kuvuta hewa ama kulima mchanga. Tezi ikiwa wazi ndio wakati wa kusahihisha makosa ya miaka.

Sasa gundi. Shida ya kubandika ubao mpana kwenye ganda la faiba ni kwamba huoni kinachotokea katikati. Fundi hupaka gundi, hukandamiza kwa vibano pembeni, huweka mawe au gogo katikati, na hujipa moyo. Vibano hushika kingo tu. Katikati, mahali hasa bolti zitakapopita, hubaki mifuko ya hewa, na kila mfuko wa hewa ni birika dogo linalosubiri maji. Hili ndilo tatizo ambalo njia ya mfuko wa ombwe hulitatua, nayo hulitatua vizuri kuliko njia yoyote nyingine aliyonayo fundi wa ufukweni.

Wavuvi wa pwani hii wanajua kanuni yake kabla ya kuambiwa. Kwa vizazi, kasa alivuliwa kwa chazo: samaki huyo hufungwa kamba mkiani, akaachwa amfuate kasa, akamganda kwa kile kikombe kilicho juu ya kichwa chake, na mvuvi akavuta kamba. Frederic Holmwood, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliandika habari zake mwaka 1884. Chazo hana gundi. Huondoa maji na hewa katikati yake na gamba la kasa, na shinikizo la nje linafanya kazi ya kushikilia. Mfuko wa ombwe ni chazo mpana wa plastiki.

Hesabu yake inashangaza. Hewa iliyo juu yetu kwenye usawa wa bahari hukandamiza kila mita ya mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 10 na zaidi kidogo. Hatuisikii kwa sababu inakandamiza pande zote. Chukua ubao wa tezi wa mita 1.2 kwa nusu mita: eneo lake ni mita za mraba 0.6. Ukifunika kwa plastiki isiyovuja na kunyonya nusu tu ya hewa iliyo ndani, umeweka juu ya ubao huo tani tatu, zimesambaa sawasawa mpaka kwenye kila kona. Ukinyonya asilimia 80, ni karibu tani tano. Hakuna fundi mwenye vibano vya kutosha kwa kazi hiyo. Na ganda la nje halivunjiki chini ya mzigo huo wala halihitaji kuegemezwa kwa magogo, kwa kuwa hewa ya nje inalisukuma nalo kwa nguvu ileile kuelekea ndani. Vitu viwili vinabanwa pamoja, boti haijui kitu.

Vifaa? Wauzaji wa Ulaya na Marekani wanaviuza kwa bei ya kutisha, kila kimoja na jina lake. Mjini Kismayu vingi vipo tayari kwa sura nyingine. Kitambaa cha kwanza kinachokaa karibu na resini, kile kitakachobanduliwa baadaye na kuacha uso wenye mkwaruzo, kinaweza kuwa bitana ya nailoni au poliesta isiyotiwa dawa ya kuzuia maji. Ijaribiwe kwanza kwenye kipande kidogo. Juu yake hukaa plastiki nyembamba iliyotobolewa kwa pini, ili resini ya ziada ipite. Juu tena ni blanketi la poliesta, ambalo kazi yake ni kuipa hewa njia ya kutembea hadi kwenye bomba na kunywa resini iliyozidi. Mwisho ni nailoni nzito ya mfuko wenyewe, imebandikwa pembeni kwa tepu laini ya mpira inayonata. Tepu hiyo ndiyo pekee isiyofaa kuibania pesa.

Na pampu ipo kwa fundi wa friji. Kila anayetengeneza friji na viyoyozi ana pampu ya kunyonya hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi, na pampu hiyo ina nguvu kupita mahitaji ya tezi. Wako wapenda ufundi wengi duniani wanaotumia hata kompresa ya friji kuukuu kwa kuigeuza upande wa kunyonya. Inafanya kazi, ingawa inatema mafuta na kunyonya hewa kidogo kidogo, na gesi iliyomo ni lazima itolewe na mwenye ujuzi. Pampu ya wati 200 ikikimbia saa 10 hula takriban yuniti 2 za umeme. Kwa mji wa jenereta hilo linawezekana. Kisiwani, ambako umeme ni wa paneli na betri, itabidi mfuko uwe hauvuji hata kidogo ili pampu izimwe na kuwashwa kwa vipindi.

Kuvuja ndiko kunakotesa. Kabla ya kuchanganya gundi hata tone, fundi hupanga kila kitu kikavu, hufunga mfuko, huwasha pampu, hufunga koki na kutazama geji kwa nusu saa. Sindano ikishuka, kuna tundu. Hutafutwa kwa sikio, usiku ukiwa umetulia, kwa kipande cha mpira kilichowekwa sikioni na ncha nyingine ikitembezwa kando ya tepu. Matundu ya bolti za zamani na la nguruzi yazibwe kwa nje mapema, maana ganda la nje ni nusu ya mfuko. Anayeruka hatua hii kwa kuona inachelewesha atajikuta na gundi inayoganda mkononi na mfuko unaopiga mluzi.

Ubao wenyewe hutobolewa vitundu vya milimita 3 kila baada ya sentimita 10, ili hewa iliyonaswa chini ipate pa kutokea. Gundi ni epoksi iliyotiwa unga wa silika mpaka isimame yenyewe kwenye kijiko, ikatandazwa kwa mwiko wa meno. Vitone vya gundi vikichungulia katika kila kitundu baada ya pampu kuwaka, fundi amepata kile ambacho vibano havimpi kamwe: ushahidi kwamba katikati pameshika.

Tamaa ina hatari yake. Ombwe kali kupita kiasi hukamua gundi yote na kuuacha muungano mkavu. Kwa kubandika ubao, nusu ya hewa inatosha sana. Na anayetumia resini ya poliesta, ambayo ndiyo ya bei nafuu na inayopatikana kwa urahisi, lazima awe mwangalifu zaidi. Ndani yake mna stirini, na stirini huchemka ombwe likizidi, ikaacha povu. Kwa tezi, epoksi inastahili gharama yake, kwa kuwa hushika vizuri juu ya faiba iliyokwisha kukauka, mahali ambapo poliesta mpya hushika shingo upande.

Joto nalo lina kauli. Epoksi ya kugandisha haraka ikikaa kwenye ndoo kwa nyuzi 30 huanza kuchemka yenyewe na kutoa moshi kabla fundi hajamaliza kupaka. Dawa ya kugandisha polepole ndiyo ya pwani hii, na mchanganyiko umwagwe mara moja kwenye chombo kipana kifupi. Kazi ianze alasiri jua linapopoa. Mbao inayopata joto hutoa hewa na kuichafua gundi kwa mapovu; inayopoa huivuta gundi ndani. Wenye poliesta wanajua kipimo chao, asilimia 1 hadi 2 ya kichocheo, na hapa asilimia 1 mara nyingi ndiyo ya kutosha. Kichocheo hicho kikiingia jichoni kinaweza kupofusha, na kikichanganywa moja kwa moja na dawa ya kobalti kinalipuka. Chupa mbili hizo hazikai rafu moja.

Ombwe si la kila hatua, na hapa mwandishi wa makala haya anatofautiana na wapenzi wa njia hiyo wanaotaka kuifunga boti nzima kwenye mfuko. Ni kweli kwamba mfuko hupandisha kiwango cha nyuzi za kioo ndani ya faiba, kutoka theluthi moja ya uzito katika kazi ya mkono yenye mati hadi nusu na zaidi kwa vitambaa vya kusuka. Ndege na boti za mashindano zinauhitaji wepesi huo. Boti ya kuvua kamba koche haiuhitaji. Ubao ukishabandikwa kwa ombwe, matabaka ya ndani yanaweza kulazwa kwa mkono, brashi na rola, kila tabaka likipanda ubavuni zaidi kuliko lililotangulia, baada ya kona kujazwa gundi nzito ili faiba ipinde polepole badala ya kuvunjika. Kinachookoa tezi ni huo muungano usioonekana na hizo kona. Mengine ni urembo.

Je, mafundi wataikubali njia hii? Lamu inatoa jibu la kutia moyo. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi lililojengwa kwa takriban tani 10 za plastiki zilizookotwa, na kufunikwa ndala elfu 30 zilizokatwakatwa. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Zanzibar. Watu waliolelewa kwa tezo na randa walichukua kitu ambacho hakijawahi kuwa mbao, wakakichonga kuwa mataruma na mkuku. Mfuko wa plastiki na pampu ni kidogo mbele ya hilo. Kinachokosekana ni mtu wa kuonyesha mara ya kwanza, na mwenye boti aliye tayari kukaa siku kumi zaidi bila kuvua, jambo ambalo kwa familia inayokula kwa siku ni gumu kuliko kemia yote iliyotajwa hapo juu.

Tezi ikishafungwa, kuna jaribu la kuirudia dhambi ya kiwandani kwa kutoboa bolti moja kwa moja. Kila tundu litobolewe kubwa kuliko bolti, lijazwe epoksi nzito, liachwe ligande, ndipo litobolewe tena katikati kwa ukubwa sahihi. Hivyo bolti hupita ndani ya plastiki ngumu na haigusi mbao mahali popote. La nguruzi lifanyiwe vivyo hivyo. Washa pana au bamba la chuma kisichoshika kutu likae ndani, na gundi laini ya baharini chini ya kila kichwa cha bolti.

Kabla ya mashine, boriti hufungwa mahali pake, watu wawili wakaining'inia, na mtu wa tatu akapima kwa rula kama tezi imesogea. Isiposogea, boti hushuka. Bolti hukazwa upya baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya wiki. Pampu nayo hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa imebadilishwa mafuta, kwa kuwa imenyonya unyevu wa pwani usiku kucha na mafuta yake yamegeuka maziwa. Akirudishiwa hivyo hivyo, ikaua kompresa ya mteja wake, hataiazima tena. Na chupa ya kunasa resini, ile inayokaa katikati ya mfuko na pampu, isisahauliwe: tone moja la epoksi likipita hadi kwenye mapezi ya pampu, fundi wa boti atakuwa amenunua pampu ya friji.